Miguu Yangu na Mgongo wa Bibi Kabula

Nilipokuwa mtoto, miguu yangu haikuwa yangu. Ilikuwa ya baba, ya majirani, ya watu waliokuja kwa mguu kutoka Segese na kwingineko wakiwa wameshika viuno, na hata ya wageni ambao sikuwahi kuyajua majina yao. Mimi kazi yangu ilikuwa kuiosha na kulala nayo tu.

Nilizaliwa nikitanguliza miguu. Kwetu Usukumani mtoto wa namna hiyo huitwa Kashinje, awe wa kike au wa kiume, na jina hilo hakuna anayekaa kulichagua. Mtoto huja nalo. Aliyenipokea ni Bibi Kabula, mama yake baba. Alinivuta kwa vifundo vya miguu huku mvua ikivuja juu ya kichwa chake, na mpaka anafariki alipenda kusimulia kwamba nilitoka kwa ubishi, nikigoma kuwaonyesha watu uso. Basi watu wa kwetu waliamini, na wengi bado wanaamini, kwamba Kashinje akikukanyaga mgongoni, maumivu ya kiuno yanakwisha.

Ilikuwa hivi. Mgonjwa alilala kifudifudi uani, juu ya ngozi ya ng'ombe. Nilipanda kwa mguu wa kushoto kwanza, nikatembea polepole kutoka kiunoni hadi mabegani, nikarudi, kisha nikashuka na kumsukuma ubavuni kwa unyayo, kama unavyomfukuza mbuzi aliyelala njiani. Akainuka, akaenda zake bila kugeuka nyuma. Na hakuruhusiwa kusema asante. Dawa ya miguu ukiishukuru inaharibika, ndivyo tulivyoambiwa. Mtu angeweza kuacha kuku mlangoni, au karanga, lakini neno lile hakulitamka. Nikakua nikidhani asante ni neno la shuleni, la kwenye kitabu cha Kiswahili, kwa sababu nyumbani tuliongea Kisukuma na hakuna aliyewahi kuniambia.

Miiko nayo haikuwa michache. Sikuruhusiwa kuvaa viatu, kwa kuwa viatu vingeifunga miguu. Sikuruhusiwa kukanyaga jivu la moto wala kuruka kamba ya ndama. Wenzangu walipocheza kuruka kamba nilikaa pembeni kama mama mkwe. Msimu wa kulima ulipofika, wakati kila mtu ameinama kwenye matuta ya pamba, ndipo nilipoteseka hasa. Nilikuwa darasani nikikariri hesabu, mara naona kichwa cha mtu dirishani: "Mwalimu, tunaomba Kashinje, kuna mtu amekwama huko." Mwalimu alikuwa akitikisa kichwa, lakini na yeye alikuwa na shamba na kiuno chake, kwa hiyo aliniruhusu.

Kitu kimoja nilikipata katika kazi ile, na sikujua kuwa ni kitu mpaka nilipokuwa mtu mzima. Mtu akilala kifudifudi hakuoni uso, na asipokuona anaongea. Wanaume ambao barabarani walinijibu "marahaba" kwa ukali, wakiwa chini ya nyayo zangu waliieleza ardhi habari zao: mke aliyerudi kwao, ng'ombe waliokufa, kijana asiyesikia. Mama mmoja wa Bugarama alilia wakati wote nikimkanyaga, na nilijua wazi kuwa hakulia kwa ajili ya mgongo. Nilisikiliza kwa sababu sikuwa na pa kwenda. Nilijiuliza mimi nikiwa na yangu nitalala chini ya nyayo za nani.

Yangu yakaja mwaka niliofanya mtihani wa darasa la nne. Siku hizo, miaka ya sitini inaishia, darasa la nne ndilo lililokuwa kichujio. Wengi walirudi nyumbani na jembe, wachache waliendelea. Mimi nikachaguliwa kwenda darasa la tano katika shule ya bweni ya masista, upande wa Ushirombo. Mwalimu alikuja mwenyewe na baiskeli kumwambia baba. Mayu, yaani mama yangu, aliacha kupepeta akakaa chini na ungo mapajani. Baba akacheka kwa furaha, akamchinjia mwalimu jogoo. Kwa jioni moja nilikuwa mtoto wa kawaida aliyefaulu.

Kesho yake akafika Baba Mdogo Masanja.

Baba Mdogo alikuwa mtu wa machimbo. Alikuwa amelitupa jembe akaenda kuchimba dhahabu upande wa Geita, kwenye yale mashimo wanayoyaita maduara, ambako mtu hushuka kwa kamba asubuhi na kutoka jioni akiwa amekunjika. Alikuja na kanga mpya ya Mayu, sukari ya Bibi, na shida yake. Wachimbaji wa huko walikuwa wakiumwa migongo wote. Yeye alikuwa amewaambia kwamba ana mtoto wa kaka yake, Kashinje halisi, na kwa ahadi hiyo walimwingiza kwenye duara lao. Sasa walikuwa wakimsubiri.

"Kaka," alimwambia baba, "nimeshatoa neno. Nikirudi mikono mitupu, watanitoa."

"Mtoto amechaguliwa shule," baba alisema.

"Shule! Kule si watamvisha viatu? Hii miguu amepewa na nani, na wewe? Wakubwa wamekupa kitu, wewe unakwenda kukifungia kwenye viatu vya masista. Ng'ombe wako walikufa mwaka jana bila sababu, eti?"

Baba alikuwa amebatizwa na Jumapili hakukosa kanisani, lakini masamva, wale wakubwa wetu waliotangulia, hawakubatizwa, na aliwaogopa kuliko padri. Niliuona woga ukimwingia. Hakuwa mtu mbaya. Nataka hilo lieleweke. Alinitazama miguu, si usoni, akasema taratibu kwamba kitu cha wakubwa hakichezewi na kwamba nitakwenda na baba yangu mdogo pamba ikishapimwa.

Nilihisi nyumba yote imenibana. Mayu alinyanyuka na ungo wake akaenda jikoni. Mwanamke kama yeye asingeweza kubishana na shemeji mbele ya mume. Mwalimu alipokuja tena aliambiwa niko malishoni, na nilikuwa nyuma ya ghala nikiisikia kengele ya baiskeli yake ikiondoka.

Nikaamua kuiharibu miguu yenyewe. Kama miiko ndiyo inayoilinda, basi ningeivunja. Nilikanyaga jivu la moto mpaka nikatoka malengelenge. Niliruka kamba ya ndama kwenda na kurudi. Nilivaa raba za mtoto wa mwalimu nikazunguka nazo shule nzima, zikinibana vidole vyote. Halafu akaletwa mzee mmoja amebebwa na wanawe, nikapanda juu yake huku nikiomba kimoyomoyo asipone. Mzee akainuka, akajinyoosha, akaenda zake hata fimbo akaisahau. Baba Mdogo alipiga makofi. Sijawahi kumchukia mtu aliyepona kama nilivyomchukia mzee yule.

Nilimkuta Bibi Kabula nyuma ya nyumba, anakata viazi vitamu vibichi kwa ajili ya michembe, anavianika juu ya mwamba. Alikuwa mwanamke mrefu aliyenyooka. Watu walimtania kwamba anaweza kuchungulia ndani ya kihenge cha nafaka bila kupanda ngazi. Nilimwambia yote, na jivu na raba na mzee. Hakunikaripia. Alikitazama kidole changu chenye lengelenge, akapaka mafuta ya ng'ombe.

"Unapigana na miguu," alisema. "Miguu imekukosea nini?"

"Basi mwambie baba, Bibi. Wewe ni mama yake, atakusikia."

"Yaya," alisema, yaani hapana. "Baba yako anaogopa. Mtu anayeogopa ukimwambia asiogope, anakuona huna akili. Huyo mpe kitu kingine cha kuogopa."

Akaendelea kukata viazi. Nilitaka kuuliza kitu gani, lakini alianza kuimba wimbo wake wa kulimia, na Bibi akishaimba, mazungumzo yameisha. Niliondoka pale nikiwa nimekata tamaa kabisa. Niliona mtu wangu wa mwisho ameniacha.

Asubuhi ya safari, Baba Mdogo alikuwa ameshafunga kitita changu kwenye keria ya baiskeli. Majirani walikuja kuaga, maana walikuwa wakiagana na dawa ya viuno vyao pia. Mayu alisimama mlangoni ameshika mdomo. Bibi alikuwa akinyanyua kinu kukisogeza kivulini, na hapo akatoa ukelele ambao sijausahau, akakiachia, akaanguka magoti.

"Kiuno changu! Masanja, usimwondoe huyo. Anikanyage kwanza! Ataponya watu wa Geita mimi nife hapa?"

Akajilaza kifudifudi uani, hata ngozi hakungoja. Mimi nilisita. Sikuwahi kumkanyaga Bibi; hakuwahi kuugua mgongo hata siku moja.

"Mkanyage bibi yako, haraka, jua linapanda," Baba Mdogo alisema. Baba naye akaitikia kwa kichwa.

Nikapanda kwa mguu wa kushoto. Nilitembea juu ya ule mgongo mrefu mpaka mabegani, nikarudi, nikashuka, nikamsukuma ubavuni. Hakuinuka. Nikamsukuma tena. Wakamnyanyua wanawake wawili, na aliposimama alikuwa amepinda kama mundu, uso unatazama chini.

"Maziku," alimwita baba kwa jina lake, "ni nani aliyempokea huyu mtoto?"

"Ni wewe, Mayu," baba alimjibu mama yake.

"Nilimshika wapi?"

"Miguuni."

"Na Kashinje humkanyaga aliyemvuta miguu? Mmeacha nikanyagwe, mmesimama tu mnatazama? Nguvu imerudi kwangu niliyeivuta, na imenikalia hapa." Akajigusa kiunoni. "Huyu sasa ni mtoto tu. Hana kitu."

Hakuna aliyekuwa ameusikia mwiko huo. Lakini hakuna aliyethubutu kusema hajausikia. Mama mmoja mzee, jirani yetu, akashika kidevu: "Ee, kweli, hata marehemu mama alikuwa akisema." Mwingine akasema kwao ndivyo ilivyo tangu zamani. Baada ya muda mfupi uani palikuwa na watu wanaoujua mwiko ule kuliko Bibi mwenyewe. Nikiwa mtu mzima nimeuliza wazee wa Kahama, wa Ushirombo, wa Shinyanga, nikitaka kujua kama upo; wananitazama tu.

Baba Mdogo hakukubali kirahisi. Alivua shati, akalala pale pale Bibi alipolala. "Hebu nijaribu." Nikampanda kwa mguu wa kushoto. Akainuka, akajipapasa mgongo, akajinyonganyonga. Nilimwona uso ukimbadilika.

"Sisikii kitu," alisema. "Mgongo unaniuma zaidi."

Akafungua kitita changu kwenye keria akakiweka chini taratibu, kama mtu anayetua chungu kilichopasuka. Wachimbaji ni watu wanaoogopa nuksi kuliko kifusi. Kumpeleka kwenye duara mtoto aliyepokonywa nguvu na wakubwa, mbele ya watu wanaoshuka kwa kamba, hilo hakuliweza. Alimuaga mama yake bila kumtazama, akapanda baiskeli, akaenda kutafuta la kuwaambia wenzake. Nasikia walimwacha abaki, akawa mtu wa kuvuta kamba tu.

Nami nikaenda darasa la tano na viatu vya raba. Baba mwenyewe ndiye aliyevinunua.

Ningependa kusema nilikuwa huru. Sikuwa. Nilimwamini Bibi kama wote walivyomwamini, na mimi ndiye niliyemkanyaga. Bwenini nililala nikiiona ile sura iliyopinda inatazama chini. Wenzangu walisali wafaulu. Mimi nilisali ninyooshe mgongo wa mtu. Nilikuwa nimetoka katika kifungo kimoja nikaingia kingine, na hiki sikuwa na wa kumwambia, kwa sababu yule niliyekuwa nikimwambia mambo yangu ndiye niliyemvunja. Likizo nilipokwenda nyumbani nilimkuta anatembea kwa fimbo, anawajua wageni kwa nyayo zao kabla ya nyuso. Baba alitaka kumpeleka hospitali ya Kolandoto. Bibi alikataa katakata, akasema mgongo wake ni wa kimila na madaktari hawataona kitu.

Halafu ikafika adhuhuri moja ya likizo. Watu wote walikuwa mashambani. Mimi nilikuwa nimekwenda kisimani, nikakumbuka nimesahau kata ya kuchotea, nikarudi. Nyuma ya nyumba nikamwona Bibi Kabula amesimama wima, mrefu kama zamani, mikono juu, anashusha fungu la mtama lililoning'inizwa chini ya paa. Alilishusha, akaliweka, akajinyoosha tena kwa raha, kiganja kila upande wa kiuno, uso anauelekeza juani. Ndipo akaniona.

Hakushtuka. Alichukua fimbo yake ukutani, akainama polepole mpaka akafika pale tulipomzoea.

"Umeona nini?" aliniuliza.

Kilio kilinijia na kicheko pamoja, na hasira pia, kwa usiku wote ule niliolala nikijihukumu.

"Sijaona kitu, Bibi."

"Hivyo hivyo."

"Mpaka lini?"

"Mpaka umalize shule. Nikinyooka leo, kesho baba yako anakuja kukutoa." Akanipa kata. "Nenda, maji yatatibuliwa na ng'ombe."

Sasa nimekuwa na umri unaokaribia wake wa wakati ule, na bado naistaajabia akili ile. Hakuwaambia wanawe kwamba wanaamini upuuzi. Sina hakika kama yeye mwenyewe aliuona upuuzi. Aliingia humo humo ndani ya wanachokiamini, akatafuta upenyo, akanipitisha mimi. Lakini upenyo ule ulikuwa na mlango mmoja tu wa kutokea, na aliuziba kwa mgongo wake. Hilo hakuniambia, na mimi kwa utoto sikuliona. Nilihesabu miaka yangu ya shule na sikuhesabu yake.

Nilimaliza. Nikasomea uuguzi. Nilidhani sasa atanyooka. Lakini baba alikuwa hai na woga wake ulikuwa hai. Baba Mdogo alikuwa amerudi kutoka machimboni, akawa jirani yetu. Na watu wa pale walikuwa wameshazaa watoto na kuwafundisha ule mwiko. Angenyooka vipi? Angewatazama wanawe usoni awaambie nini? Akabaki ameinama mbele yao, na mbele yangu, na nadhani baadaye hata alipokuwa peke yake.

Mara ya mwisho kuwa naye, baba alikuwa ameshafariki. Nilikuja kwa likizo kutoka kazini, nikamkuta ndani, kwenye ngozi yake. Nilimwamkia, "Shikamoo, Bibi," akaitikia, kisha akaniambia nifunge mlango.

"Vua hivyo viatu," alisema. "Njoo unikanyage."

"Bibi, mimi ni muuguzi sasa."

"Sikukuuliza kazi. Nimekaa hivi muda mrefu, nataka kunyooka kidogo kabla sijaondoka. Hakuna mtu. Nikanyage kweli."

Nilivua viatu. Alijilaza kwa taabu, ubavu kwanza, kisha kifudifudi. Nikapanda kwa mguu wa kushoto, nikishika nguzo ya nyumba ili nisimwelemee. Unyayo wangu uliusoma mgongo ule kabla ya akili yangu ya uuguzi kufanya hivyo. Ulikuwa umeshikana. Pale palipokuwa pananesa zamani palikuwa pagumu kama kijiti kilichokauka kikiwa kimepinda. Hapakuwa na kitu cha kunyoosha. Nilitembea hadi mabegani, nikarudi, nikashuka, nikamsukuma ubavuni taratibu, machozi yakinidondoka juu ya miguu yangu.

Akajaribu kuinuka. Nikamsaidia. Alisimama alivyosimama miaka yote, uso unatazama chini. Akajaribu tena, akajipapasa, akaelewa. Nilingoja alie. Badala yake mabega yakaanza kutikisika, na nikasikia kicheko chake kikitokea chini kule.

"Haya," alisema. "Basi hatukumdanganya mtu."

Alikaa, akaomba uji, akaniuliza habari za wagonjwa wangu. Jioni nilipokuwa nikiondoka kuwahi gari la Kahama, nilisimama mlangoni nikitaka kumwambia lile neno ambalo mimi utotoni sikuambiwa na mtu. Lilikuwa mdomoni kabisa. Yeye, kwa kuwa hakuweza kuinua uso, alikuwa akiitazama miguu yangu.

"Kashinje," alisema, "unaujua utaratibu."

Niliujua. Nikavaa viatu vyangu, nikaenda zangu bila kugeuka nyuma, na sikusema asante.